Siku Nilipomtafsiri Mwandishi wa Udaku

Saluni yangu iko New Site, mkabala na duka la saruji, na yeyote anayesema kuna msusi wa kunishinda hapa Juba aje na kichwa chake tuone. Sijisifu, nasema yaliyopo. Nimesuka wake za maafisa wa jeshi kule Bilpam, nimesuka wauguzi, wauza samaki na mabibi harusi wengi, na mstari wangu ukianzia utosini unafika kisogoni bila kupotea njia. Nilipotoka Kitale miaka kumi iliyopita niliambiwa Juba ni joto, vumbi na watu wenye hasira. Nikasema hasira hata mimi ninayo, tutazoeana. Tukazoeana.

Rasta ndogo zinachukua saa sita, na mtu akiwa na nywele nyingi, saba. Hakuna mtu wa kukaa saa saba akitazama ukuta. Kwa hiyo nilinunua runinga, nikafunga sola juu ya bati, na kazi ya pili ikaanza bila mimi kuiomba, yaani kutafsiri filamu. Wateja wangu wengine wanajua Kiarabu cha Juba, wengine Kiswahili cha Kampala, wengine walikulia kambini Kenya wakarudi na Sheng yao, lakini Kiingereza cha filamu kinawakimbia wote. Mimi nina Kiingereza cha kidato cha nne na mdomo usiochoka. Nikapunguza sauti ya runinga, nikapandisha yangu.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video, kule Uganda au kwetu magharibi ya Kenya, anajua mtafsiri ni mtu wa aina gani. Hasemi tu kilichosemwa. Jambazi anampa jina la utani la mtaani, polisi anamfanya wa kituo mnachokijua, na mama mkwe anagombana na mke wa mwanawe juu ya ugali mbichi hata kama filamu ni ya Wachina. Na asipoelewa, hanyamazi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, kwa sababu mtafsiri akinyamaza watu wanaanza kupiga miluzi. Neno "sijui" mimi nililiacha mpakani Nimule siku ile nilipovuka. Pale nisipoelewa nilitia langu, na hakuna aliyewahi kugundua.

Sheria ya pili ni ya kiti. Linalosemwa kwenye kiti linabaki kwenye kiti. Ukishika kichwa cha mtu kwa saa nyingi, mdomo wake unafunguka wenyewe. Ninajua nani amejipunguzia umri, nani hampendi mtoto wa mumewe, nani anakwenda kanisani asubuhi na kwa mganga jioni. Yote hayo nimeyakalia. Umbea naudharau tangu nikiwa msichana, na mteja akianza kunong'ona habari za mwenzake namgeuza kichwa kwa nguvu kidogo mpaka anyamaze.

Katika wote niliowawekea siri, wa kwanza alikuwa Mwalimu. Yeye ni mtu wa Uganda, anafundisha Kiingereza shule ya msingi. Kiingereza chake kimenyooka kama rula, lakini Kiswahili chake Mungu mwenyewe amsaidie. "Mimi iko na njaa," anakuambia, na hapo amevaa vizuri na ana kitabu mkononi. Nilimcheka miaka yote, naye akacheka pamoja nami, maana si mtu wa kununa.

Mwalimu alikuwa na kiraka. Juu ya kichwa, nyuma kidogo ya paji la uso, palikuwa na mahali pasipo na unywele hata mmoja, upana wa kisahani cha kikombe, ngozi laini inayong'aa. Nilimshonea wigi kwa mkono wangu, akawa analivaa na kulifungia kilemba juu, nywele zikamwagika mabegani na watu wakamsifu. Kila Jumatano saa kumi aliingia kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama mapipa ya maji, nikampaka mafuta nyuma ya pazia na kumrekebishia wigi lake. Kiraka hicho kilitoka wapi, hilo nalijua kuliko mtu yeyote, na nitalisema mahali pake.

Mwaka jana Mwalimu alipata mchumba. Mkenya, mpishi wa hoteli, mpole, aliyefiwa na mke. Yule marehemu alikuwa na ugonjwa akauficha, akawaficha wote, na walipokuja kuujua ilikuwa ni siku ya kubeba jeneza. Sasa mpishi huyu ana dada mkubwa, ndiye aliyemlea, na dada huyo alimpigia Mwalimu simu kutoka Kenya akamuuliza swali moja tu, kama kuna jambo lolote ambalo familia inafaa kulijua. Mwalimu akajibu hakuna.

Aliniambia hayo akiwa kwenye kiti changu, machozi yakimshuka. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

"Mimi imengoja sana, Mama Saluni," alisema. "Hii ikipita, nyingine hapana kuja."

Nikamwambia afute machozi. Kiraka si ugonjwa, nikasema, harusi ikishapita utamwonyesha mume wako polepole, mwenyewe atazoea. Ni mimi niliyemshauri anyamaze. Nilikuwa na hakika, na mimi nikiwa na hakika watu hunifuata. Harusi ikapangwa Jumamosi, kanisani, halafu chakula kando ya mto kule Rejaf. Nami nikashona gauni la kitenge, sare na wasimamizi wa bibi harusi.

Jumatano ya wiki ile ile ya harusi, ndipo ilipofika ile filamu.

Karibu na saluni kuna jamaa anayechaji simu za watu na kujaza filamu kwenye flashi. Nilimwambia anitilie za mapenzi, kwa kuwa wateja walikuwa wamechoka na bunduki. Akanitilia alizonazo. Nilipowasha, ikatokea filamu ya zamani sana ya Marekani, nyeusi na nyeupe, wanaume wote na kofia hata ndani ya nyumba. Wanawake kwenye benchi wakaguna. Wakasema hii ni ya wakati wa babu, toa. Nikawaambia watulie, filamu haina uzee, mzee ni mtafsiri akiwa mbovu.

Siku hiyo kwenye kiti changu nilikuwa na mgeni, mama wa Kikenya mnene, wa miaka hamsini na kitu, sauti nzito, mcheshi. Alisema amekuja Juba kutembea na anataka rasta za kukaa mwezi mzima. Sikumuuliza zaidi. Mimi siulizi, watu hunieleza wenyewe. Kwenye kiti cha pili alikaa muuguzi mmoja, kichwa kimepakwa dawa ya kulainisha nywele, anangoja dakika zake. Kwenye benchi walikuwa wauza mboga watatu waliokuja kupumzika kivulini zaidi ya kusukwa.

Filamu yenyewe ilikuwa habari ya mwandishi wa gazeti, mwandishi wa udaku. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuandika nani amekula na nani, nani amemwacha nani, mke wa tajiri fulani kaonekana akishuka kwenye gari la nani. Nikampa jina Bwana Masikio. Bawabu wa hoteli anamnong'oneza, mhudumu wa mkahawa anamnong'oneza, mcheza dansi anakuja kumpigia magoti asiandike, na yeye anatafuna kijiti cha kiberiti huku anaandika. Mji mzima unamwogopa na mji mzima unanunua gazeti. Anaongea upesi kama mvua juu ya bati.

Nilimchukia tangu mwanzo, na nilipomchukia nilimtafsiri vizuri zaidi. Nikamwekea sauti ya puani. Mgeni wangu alicheka mpaka nikalazimika kuacha kusuka nimngoje. "Huyu tunaye hata kwetu," alisema, "lakini kwetu anauza nyanya." Wauza mboga wakasema na wao wanaye, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Nami nikahubiri kidogo, nikasema mbea ni panya, anatafuna kisicho chake. Nilisema hivyo, kinywa hiki hiki. Nyani haoni kundule.

Ikafika mahali Bwana Masikio yuko mkahawani, watu wamejaa, anaitwa kwenye simu. Akashika simu, akageukia ukuta, akaongea kwa sauti ya chini, haraka haraka, nisipate hata neno. Uso wake hapo ulikuwa umebadilika, ila mimi sikuujali uso, nilikuwa natafuta maneno. Benchi likaningoja. Mgeni akageuza jicho.

"Anasemaje sasa?"

Nikafungua mdomo kutia langu, na langu lilikuwa karibu kuliko nilivyojua.

"Anasema hivi. Mhariri, andika upesi. Kuna mwanamke mnamwona anapita na kilemba kizuri, nywele mpaka mabegani, mnasema heri yake. Si zake. Chini ya kilemba kuna kiraka cha upana wa kisahani, hakuna hata unywele. Kila Jumatano saa kumi anaingia kwa msusi wake kwa mlango wa nyuma. Na Jumamosi anaolewa."

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Mgeni alijipiga paja.

"Maskini bwana harusi," akasema. "Hajui?"

"Atajulia wapi?" nikamjibu, nikaendelea kusuka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutunga uongo. Ninaujua sana uongo, ninautunga bila jasho. Lakini uongo unahitaji sekunde tatu za kufikiri, na mimi sekunde tatu za kimya sikuwa nazo. Ukweli ulikuwa umekaa mdomoni tangu asubuhi, maana ilikuwa Jumatano na nilikuwa namtazamia Mwalimu. Nilichoona wakati ule ni kwamba benchi linacheka, basi nikafurahi.

Bawaba ya mlango wangu wa nyuma inalia. Ikalia. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi. Mwalimu akaingia na kilemba chake cha zambarau, nywele mabegani, mfuko wa vitabu begani. Aliposogeza pazia akamwona mgeni wangu, uso ukamng'aa.

"Eh, wifi! Kumbe wewe iko hapa tayari. Si mimi nilisema huyu mama anasuka kushinda wote?"

Mikono yangu ilisimama. Huyo ndiye dada wa mpishi. Ni Mwalimu mwenyewe aliyemtuma kwangu, kwa sifa. Na hakuna aliyecheka tena, hata wauza mboga, maana macho yao yote sita yalikwenda kwenye kile kilemba, kisha saa ya ukutani, kisha mlango wa nyuma. Nikazima runinga, ingawa haikuwa na kosa.

Yule dada akainuka, nusu ya kichwa ina rasta, nusu imesimama wima. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza, na mimi ningepaza yangu.

"Wifi," alisema, "msusi wako alikuwa akitusimulia habari za mwanamke mwenye kilemba. Nilikuuliza kwa simu kama kuna kitu. Sisi tumezika mke mmoja wa ndugu yangu kwa sababu ya kitu kilichofichwa. Toa kilemba nione."

Mwalimu alinitazama mara moja tu. Halafu akaweka mfuko wa vitabu chini, akafungua kilemba mwenyewe, akatoa wigi, akasimama hivyo mbele ya watu sita. Hakuziba kwa mkono.

Dada akasogea akatazama kwa karibu. "Ni ugonjwa?"

Mwalimu akaliweka wigi kwenye kiti. Jibu nilikuwa nalo mimi, na hapa ndipo mahali pa kusema.

Miaka minne kabla ya siku ile, Mwalimu alikuja kwangu kama wateja wote, kwa mlango wa mbele, kuweka dawa ya kulainisha nywele. Kila msusi anajua kwamba kabla hujafungua kopo la dawa unaangalia maji kwanza. Hapa kwetu maji yanaletwa na lori, na siku hiyo lori lilikuwa limeniambia linakuja. Linakuja, nikasema, mimi namjua dereva. Nikapaka. Lori halikuja. Dakika zikapita, Mwalimu akaanza kusema inawasha, kisha inachoma, nami nikakimbia kwa majirani wote, mapipa yote yamekauka kwa sababu wote tulingoja lori lile lile. Nilimwosha kwa chupa tatu za maji ya kunywa, na hazikutosha. Alilia kidogo kidogo kama mtoto mwenye adabu. Ngozi ikapona, nywele hazikurudi.

Na Mwalimu hakunisema. Walipomuuliza, nyumbani kwake na shuleni, alisema mafuta moto yalimrukia jikoni. Ndiyo maana mapipa yangu sasa ni matano na hayakauki, na ndiyo maana nilimshonea wigi bure na kumpaka mafuta kila Jumatano. Nilijihesabia wema kwa hayo. Saluni yangu ilisimama na jina lake juu ya uongo wa mwanamke yule, na mimi nikasahau kwamba ni wake, nikauona kama wangu.

Sasa wifi yake anamngoja, na Mwalimu akafungua mdomo.

"Ni mafuta moto," akasema. "Kwa jikoni..."

"Si mafuta," nikasema. "Ni mimi."

Nilieleza yote, dawa, lori, chupa tatu. Nilieleza kwa sauti yangu ya kawaida. Nilipofika kwenye lori la maji, muuguzi aliyekuwa na dawa kichwani akashuka kwenye kiti akatoka kwenda kukagua mapipa kwa macho yake. Simlaumu. Aliporudi akaniambia nimwoshe sasa hivi.

Dada wa mpishi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemchoma," alisema, "halafu ukakaa hapa ukatuchekesha naye."

Alichukua mkoba wake akatoka na kichwa kile kile, nusu kimesukwa, jua linawaka. Mwalimu akaokota kilemba, akakifunga bila kioo. Mlangoni akasimama.

"Miaka nne mimi nasema mafuta moto," akasema, na akamfuata wifi yake. Wigi alikuwa ameliacha kwenye kiti.

Nilimwosha muuguzi nywele, kwa maji mengi. Halafu hasira ikanishika, na hasira yangu hutafuta mtu. Nilikwenda kwa mjaza flashi nikamfokea kwa kunitilia filamu ya babu. Akasema, "Malesh, mama," malesh yao hiyo ya kuomba radhi, akanipa nyingine. Niliwafokea wauza mboga kwa kukalia benchi bila kusukwa. Alhamisi nzima nilimpigia Mwalimu simu, haikupokelewa. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni mimi niliyesema ukweli, si kila mtu angesema, na ukweli umenigharimu, wateja wawili walishaahirisha. Mdomo uliponza kichwa, ndiyo, lakini mdomo huo huo ukajirudi. Hayo niliyasema kwa sauti nikiwa peke yangu nafagia nywele. Chini ya hayo yote nilikuwa naogopa. Kama harusi ile ingevunjika, ni mimi ningekuwa nimeivunja, kwa kicheko cha benchi.

Ijumaa asubuhi Mwalimu aliingia kwa mlango wa mbele.

Saluni ilikuwa na watu, maana habari ilikuwa imeshafika kila mahali na wengi walikuja kutazama mapipa. Alipita katikati yao, akakaa kwenye kiti changu, akafungua kilemba, akakikunja vizuri mapajani.

"Nyoa," akasema. "Yote."

"Mwalimu, harusi..."

"Harusi iko. Nyoa."

Nikachukua mashine. Alinieleza nikiwa nanyoa, mbele ya kila mtu, bila kushusha sauti. Jumatano ile ile alikwenda hotelini akamwita mpishi nje ya jiko, akamwonyesha. Mpishi alitazama, akakunja mikono ya shati, akamwonyesha mikono yake.

"Mikono yake iko na alama ya moto kutoka hapa mpaka hapa," Mwalimu alisema, akijigusa kiganja na kiwiko. "Anasema kama ni kuchomeka, yeye amechomeka kushinda mimi. Kalas, imeisha."

"Na wifi?"

"Wifi alifikiri siku moja. Halafu akasema harusi iendelee, lakini kilemba hapana. Familia ione kitu iko. Basi mimi naonyesha."

Nikamnyoa kichwa chote, kiraka kikaungana na sehemu nyingine, na nitasema bila kuona haya kwamba nilimnyoa vizuri sana. Ana kichwa kizuri. Nikampaka mafuta. Nikawa tayari nimerudi kuwa mimi, nikaanza kupanga.

"Kesho nitafika kanisani mapema," nikamwambia, "nikupake mafuta tena kabla hujaingia, jua la Rejaf ni kali. Gauni langu liko tayari."

"Kesho wewe usikuje," akasema.

Nikasimama na kitambaa mkononi. Nikauliza kama ni wifi aliyekataa. Nilikuwa tayari kumwelewa wifi.

"Wifi hapana. Wifi anasema, huyo mama alikubali kosa yake, aje." Alikuwa akijitazama kwenye kioo, si mimi. "Ni mimi. Mimi sitaki kukuona pale."

Watu wote walisikia. Nikasema sawa, Mwalimu. Nikamtoa kitambaa mabegani, nikampangusa shingo.

Hakuinuka. "Weka hiyo sinema," akasema. "Pale ya simu. Wifi aliniambia ni pale kwa simu."

Niliwasha. Nikaitafuta sehemu ile, mkahawa umejaa, Bwana Masikio anaitwa, anashika simu, anageukia ukuta. Mwalimu akasema niongeze sauti ya runinga. Sikuwa nimewahi kuiongeza. Akasikiliza yote mpaka simu ikawekwa chini, uso wake umetulia kama anayesahihisha daftari.

"Anaongea na mama yake," akasema. "Anauliza kama amekunywa dawa. Anasema, usingoje mimi, kula, mimi nitachelewa."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena. Iko hiyo tu."

Akainuka, akaniachia malipo ya kunyolewa kwenye meza ya vitana, kamili, kama mteja yeyote wa siku ya kwanza. Akatoka kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, kilemba kimekunjwa mkononi.

Jumamosi nilifungua saluni kama kawaida. Gauni la kitenge liliningojea nyumbani kwenye hanga na liko hapo hadi leo. Mchana nilikuwa na kichwa cha mwanafunzi wa chuo, rasta ndogo, mistari imenyooka, kwa sababu mikono yangu haina habari na mambo ya moyo. Nikasikia honi za magari ya harusi zikipita barabara kuu kuelekea Rejaf, nyingi, na vigelegele vya wanawake waliokaa kwenye madirisha ya magari. Wauza mboga walitoka kutazama, wakasema bibi harusi hana kilemba, amependeza. Nilisema najua.

Kwenye runinga ilikuwa filamu nyingine, ya mapenzi, ile niliyobadilishiwa. Mwanamume alimshika mwanamke mkono akamwambia jambo kwa kunong'ona. Sikulipata. Benchi likangoja, na mwanafunzi akanitazama kwenye kioo.

"Amesema nini?"

"Sijui," nikamwambia.